Mofini na tramadoli kwa maumivu ya mishipa ya fahamu: zinasaidia kweli, au tunazizoea tu?

Tabibu_Arua (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Ule uzi wa kisukari umefika mahali watu wanatukanana, nimeona hili tulitoe kule tulijadili peke yake. Kuna kundi linasema Uganda mofini ni bure, kwa hiyo mwenye nyayo zinazowaka moto aende akapewe chupa yake, kazi kwisha. Kundi la pili linajibu kwamba mofini ni dawa ya kufia, ukiiona kwa jirani anza kuchanga za matanga. Mimi ni tabibu, kibali cha kuandika mofini ninacho, na watu ninaowakatalia ni wengi kuliko ninaowaandikia. Niseme ninavyoyaona.

Maumivu hayafanani. Ukivunjika mkono, mishipa ya fahamu ni mizima, inapeleka taarifa ya kweli kwamba huku kumeumia. Kuna maumivu mengine ambayo mshipa wenyewe ndio mgonjwa, unatuma taarifa za kuumia wakati hakuna kinachoumia. Mgonjwa atakwambia anaungua, anachomwa sindano, umeme unampita, shuka ikimgusa tu usiku anaruka. Cha ajabu, palepale panapouma ukimpapasa kwa pamba hasikii sawasawa. Hapa kwetu chanzo kikubwa ni kisukari. Kuna VVU pia, na zile ARV za zamani: stavudini iliwaharibu wengi miguu kabla WHO haijashauri mwaka 2009 iondolewe. Kuna mkanda wa jeshi, ambao Kampala wanauita kisipi. Kuna isoniazidi ya TB kwa asiyepewa na vitamini B6 pembeni, kuna pombe, ukoma, saratani inayobana mshipa, kukatwa kiungo. Diklofenaki na panadol haziyagusi maumivu haya, ndiyo maana watu wanapandisha wenyewe, dawa hadi dawa, mpaka wanaifikia tramadoli.

Sasa hizi za jamii ya afyuni, yaani kodeini, tramadoli, pethidini, mofini, oksikodoni na fentanili, zinaitwa opioidi. Zinasaidia mishipa? Zinasaidia baadhi ya watu, kwa kiasi, kwa muda mfupi uliopimwa. Mapitio ya Cochrane (mtandao wa kimataifa unaokusanya na kuchambua tafiti za tiba) ya mwaka 2013 yalikusanya majaribio 31. Katika yale ya wiki 4 hadi 12, asilimia 57 ya waliopewa opioidi walipata nafuu ya theluthi moja au zaidi. Waliopewa kidonge kitupu (kisicho na dawa ndani, cha kulinganishia) nao walikuwa asilimia 34. Tofauti ipo, sikatai. Ila tazameni upande wa pili wa hesabu: watu 43 katika kila 100 walimeza opioidi yenyewe na hawakufika hata hiyo theluthi. Majaribio hayakuvuka wiki 12, wakati mgonjwa wangu ana miguu hiyo kwa miaka. Na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba hata pale maumivu yaliposhuka, shughuli za watu na hali yao ya kihisia hazikuonekana kubadilika kwa maana.

Karibuni. Matusi yabaki kule.

Kijana_Malaba

Musawo (daktari), mimi nasoma takwimu chuoni, si dawa, kwa hiyo nitakubana kwenye hesabu tu. Nimeisoma orodha ya kimataifa ya NeuPSIG (kundi la wataalamu wa maumivu haya) ya mwaka 2025, ile ya kupanga dawa za maumivu ya neva, yaani mishipa ya fahamu. Amitriptilini (dawa ya zamani ya sonona) na ndugu zake: unatibu watu karibu 5 ili mmoja apate nafuu ya maana. Opioidi: karibu 6. Gabapentini na pregabalini (asili yake dawa za kifafa): karibu 9. Halafu hao hao wameziweka gabapentini daraja la kwanza, za kuanza nazo, na opioidi daraja la tatu, za mwisho! Anayehitaji watu 6 si anamshinda anayehitaji 9? Au kuna siasa humu?

Tabibu_Arua

@Kijana_Malaba hapo ndipo penyewe, na ukiona mtu anakimbilia kujibu hilo kwa neno moja, mkimbie.

Jedwali hilohilo lina safu nyingine hukuitaja: unatibu wangapi kabla mmoja hajaacha dawa kwa sababu ya madhara. Opioidi ni kama 15. Gabapentini na pregabalini ni kama 26. Kwa hiyo anayekupa nafuu haraka ndiye pia anayekuumiza haraka.

La pili, ushahidi wenyewe waliupa daraja la chini. Majaribio ni madogo na mafupi. Na kuna mchezo wa hesabu wewe utaufahamu kuliko mimi: mgonjwa aliyeacha wiki ya pili kwa kutapika, baadhi ya tafiti zilichukua alama yake ya maumivu ya siku ile na kuibeba mpaka mwisho, kana kwamba bado anameza na bado ana nafuu. Dawa yenye watu wengi wanaoikimbia inapendelewa sana na mtindo huo.

La tatu liko mwilini. Mofini inafanya kazi kwa kukaa kwenye vipokezi fulani, na vingi viko pale mshipa unapoingia uti wa mgongo. Mshipa ukiharibika, vipokezi hivyo hupungua. Wakati huohuo uti wa mgongo wenyewe unakuwa mkali, unaikuza kila ishara inayoingia. Dawa ina pa kushika pachache na kazi imeongezeka, ndiyo maana dozi inayotuliza mfupa uliovunjika haitulizi neva. Mwaka 2003 Wamarekani walijaribu levorfanoli, opioidi nyingine, kwa watu 81: dozi kubwa ilishusha maumivu kwa asilimia 36, ndogo kwa 21. Kwa hiyo ukipandisha unapata zaidi, ni kweli. Unapata na madhara zaidi. Na kuna wachache ambao dozi kubwa za muda mrefu huwageukia, mwili unazidi kuhisi maumivu badala ya kupungua.

Mama_Swaumu_Bombo

Asalaam aleikum wanangu. Mimi sina elimu ya hizo asilimia. Ni mama wa miaka 58, kisukari kimenikaa tangu nizae kitinda mimba. Miguu inaanza kuwaka magharibi ikiingia, usiku nashusha nyayo kwenye saruji ndiyo nipate kusinzia kidogo. Duka moja la dawa hapa mjini walinizoesha tramadoli, hakuna karatasi wala swali, ni pesa yako tu. Mwanzo nililala fofofo, nikasema Mungu mkubwa. Sasa nameza maradufu na moto umerudi palepale. Choo naweza kukaa hata siku nne. Kichwa kizito, nasahau mpaka chumvi ya mboga. Baadaye kliniki nyingine wakaniandikia amitriptilini ya usiku, na hawakuuliza kama kuna dawa nyingine natumia. Nazimeza zote mbili. Nimesoma hapa nimeingiwa na hofu. Nifanyeje?

Mfamasia_Ntinda

Mama Swaumu, aleikum salaam. Soma hili kabla ya kumeza cha leo.

Tramadoli si opioidi peke yake. Inafanya kazi mbili, ya pili ni kupandisha kemikali za ubongo, mojawapo serotonini. Amitriptilini nayo inagusa hukohuko. Zikikutana, hasa tramadoli ikiwa nyingi, mtu anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuugua kifafa maishani. Anaweza pia kuanza kutetemeka, jasho, moyo mbio, kuchanganyikiwa. Ukiona lolote katika hayo, au ukasinzia kiasi cha kutoamshika, ni hospitali saa hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Wala usiamke ukaitupa tramadoli yote chooni. Mwili umeshaizoea. Ukiikata ghafla utapata arosto: jasho, kuharisha, mafua ya ajabu, mwili wote kuuma, usingizi kupotea. Inapunguzwa kidogo kidogo na mtu anayejua. Kesho asubuhi beba maganda yote ya dawa, ya kisukari na presha humohumo, uyaweke mezani kwa daktari na umwambie umekuwa ukimeza vingapi hasa. Hakuna wa kukufunga. Mwombe na kipimo cha figo, maana kisukari cha muda mrefu hakiziachi salama, na figo zikichoka mabaki ya tramadoli na mofini yanalundikana mwilini. Gabapentini pia hutolewa na figo, dozi yake lazima ishushwe.

Na ninyi wenzangu mnaouza tramadoli kama pipi kwa madereva wa boda na kwa mama wa watu: dozi ya juu kabisa kwa mtu mzima mwenye figo nzima ni miligramu 400 kwa siku. Nimeona watu wanapita hapo kabla ya chakula cha mchana. Mnajijua.

Mti_Shamba_Original

Acheni sumu za wazungu. Kuna mzizi kutoka Mabira unamaliza ganzi, kisukari, nguvu za kiume na madeni. Nipigie

*[Msimamizi: namba ya simu imeondolewa. Matangazo yana jukwaa lake.]*

Kijana_Malaba

Mzizi unaomaliza madeni ningeuchukua mimi 😂

Turudi. @Mfamasia_Ntinda mbona kuna watu wanasema tramadoli haiwafanyi kitu kabisa, na mwingine kidonge kimoja kinamlaza kutwa?

Mfamasia_Ntinda

Tramadoli na kodeini zinaingia mwilini zikiwa nusu dawa. Ini ndilo linalozigeuza kuwa kitu chenye nguvu (kodeini inageuzwa kuwa mofini hasa), na kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, CYP2D6, watu tumerithi kwa viwango tofauti. Kuna ambaye ini lake ni zito, kwake ni kama amemeza chaki. Kuna ambaye linageuza mbio, dozi ya kawaida kwake ni dozi kubwa. Ethiopia hao wa mbio ni wengi kuliko sehemu nyingi za dunia. Hapa dukani siwezi kukupima ini, kwa hiyo mtu akiniambia "jirani yangu anatumia mbili" huwa namrudisha.

Afande_Mstaafu

Nimesoma yote. Mimi mguu wa kushoto niliuacha Somalia. Mguu haupo, vidole vyake vinauma. Dole gumba linajikunja linataka kuvunjika, na dole gumba lenyewe lilishazikwa huko. Watu walidhani nimerukwa na akili. Mofini ya maji ndiyo iliyonituliza. Leo vijana wa asilimia mnataka kuniambia haifanyi kazi?

Tabibu_Arua

Afande, heshima yako. Hujarukwa na akili, na hakuna wa kukunyang'anya. Asilimia 57 ni watu, na wewe ni mmoja wao.

Kwa waliokatwa viungo kuna jaribio la mwaka 2008 la watu 60. Mofini ilishusha maumivu kwa wastani wa asilimia 53, kidonge kitupu kwa 19. Kwa ugonjwa huu hiyo ni tofauti kubwa. Ila wagonjwa wenyewe walipoulizwa wanaweza kufanya nini zaidi ya zamani, majibu hayakubadilika, na madhara yalikuwa mengi. Kwa hiyo swali langu kwako si kama inatuliza. Tangu uianze unatembea zaidi? Unavaa mguu wa bandia? Unakwenda shambani? Au umetulia kitini?

Na umewahi kuoneshwa tiba ya kioo? Haina gharama.

Afande_Mstaafu

Kitini. Umenikamata.

Kioo sijaoneshwa. Eleza.

Sista_Mbarara

Kabla ya kioo naomba niingie, maana naona uzi unaelekea kuichafua mofini na mimi ndiyo ninayoishi nayo. Nafanya tiba shufaa, yaani kutuliza maumivu na mateso ya wenye magonjwa mazito.

Wengine humu ni vijana, hamkumbuki. Dakta Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mtu wa saratani kijijini alikuwa anakufa akipiga kelele na familia imehama chumba. Walileta unga wa mofini, ukachanganywa na maji, ukatiwa rangi ili nguvu tofauti zisichanganywe, ukawekwa kwenye chupa ambayo bibi asiyejua kusoma anaweza kuipima. Mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waiandike, kwa sababu madaktari hawatoshi na kijijini hawapo kabisa. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo katika hilo. Na mgonjwa halipi. Kuna nchi tajiri kuliko sisi ambako mtu wa saratani bado anapewa panadol na maombi.

Saratani nayo inauma mishipa. Uvimbe wa shingo ya kizazi ukishuka kwenye neva za nyonga, mguu mzima unawaka. Huyo sitamwambia aje na orodha ya daraja la kwanza na la tatu. Nampa mofini leo, na amitriptilini ya usiku juu yake. Mwaka 2005 Wakanada walijaribu mofini na gabapentini pamoja kwa watu 57 wenye neva za kisukari au za baada ya mkanda wa jeshi. Pamoja zilituliza kuliko kila moja peke yake, tena kwa mofini kidogo: miligramu 34 badala ya 45 kwa siku. Kwa hiyo mofini si adui wa neva. Inahitaji mwenzake, na inahitaji mtu anayekuangalia.

Ombi langu ni moja. Mama wa kisukari akisoma uzi huu akaogopa, sawa. Mwenye saratani akisoma akakataa chupa yake, hiyo dhambi mtaibeba ninyi.

Tabibu_Arua

Sista nakubali kila neno, na kwa wasomaji wa saratani: msikilizeni yeye. Pale ambapo mtu ana miezi, hofu ya miaka kumi ijayo haina nafasi. Mimi nazungumzia mwenye miaka 45, neva za kisukari, ambaye Mungu akipenda ana miaka 30 mbele. Huyo nikimwanzishia mofini leo, namwandikia ya miaka 30, ambayo hakuna utafiti uliowahi kuipima.

Marekani walishapita njia hii. Mwaka 1980 ilichapishwa barua fupi sana ikisema kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa hizi wakiwa wamelazwa, waliopata uraibu walikuwa 4. Wamelazwa, muuguzi pembeni. Watu wakaibeba barua ile kana kwamba inamhusu mtu anayemeza nyumbani mwaka hadi mwaka. OxyContin (oksikodoni ya kampuni moja) ikaingia sokoni 1996 ikipigiwa debe kwa maumivu sugu ya kila aina, na kilichofuata mnakijua, maelfu kwa maelfu wamezikwa. Sisi tatizo letu kubwa bado ni dawa kutomfikia anayeihitaji, lakini tramadoli ya barabarani inatupeleka kulekule kwa mlango wa nyuma.

Baba_Furaha_Nakivale

Bandugu, mimi ni Mkongomani, niko hapa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, miaka mingi. Natumia ARV tangu wakati wa stavudini. Dawa walibadilisha, miguu haikubadilika. Hiyo amitriptilini munayoisifu nimekunywa muda mrefu, imenipa usingizi na kinywa kikavu, moto uko palepale. Je, mimi nafaa mofini?

Tabibu_Arua

Baba Furaha, umegusa mahali ambapo hata wakubwa wanakuna kichwa. Neva zilizoharibiwa na VVU ni kaidi. Afrika Kusini walijaribu amitriptilini kwa watu wenye tatizo lako, matokeo yakatoka 2015, haikushinda kidonge kitupu. Pregabalini nayo ilijaribiwa kwenye majaribio mawili makubwa, ya 2010 na 2014, ikashindwa vilevile. Kilichoonesha kitu ni plasta kali ya pilipili, kapsaisini ya asilimia 8, na hiyo kwenye vituo vyetu sijaiona hata kwa picha.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia mofini ningetaka kujua mengine. Umewahi kunywa isoniazidi bila B6? Una kisukari juu yake? Waragi (pombe kali) je? (Nauliza kila mtu, usikasirike.) Kiwango cha vitamini B12? Hayo yakiwepo yanaongeza moto na yanatibika. Baada ya hapo kujaribu gabapentini kwa dozi ya kueleweka si vibaya. Opioidi kwako ni ya mwisho, kwa muda maalumu, na iandikwe na mtu utakayemwona tena. Usikubali kupewa na mtu anayepita tu.

Kijana_Malaba

Swali la mwisho langu. Mjomba ana neva za kisukari, hajaanza chochote. Kliniki ya kulipia wamemwandikia pregabalini, bei yake imemtoa jasho. Zile za bei ghali ndizo bora?

Tabibu_Arua

Mwaka 2022 Uingereza walichukua watu 130 wenye maumivu ya neva za kisukari wakawapitisha kwa zamu kwenye njia tatu: kuanza na amitriptilini, kuanza na duloksetini, kuanza na pregabalini, na asipotosheka anaongezewa ya pili. Zote tatu zilitoka sawa. Wote walishuka kwa kiasi kinacholingana, na kuongeza ya pili kuliwasaidia wengi ambao ya kwanza haikuwatosha. Sasa amitriptilini ni kidonge cha bei ya chini kuliko zote hizo, mara nyingi kiko kwenye kituo cha afya cha kawaida. Hili mimi ningelibandika mlangoni kwa kila kliniki ya kisukari Uganda. Watu wanaruka kutoka diklofenaki hadi tramadoli, na kidonge kilichowekwa daraja la kwanza dunia nzima wanakipita kabatini kwa sababu mtu aliwaambia ni "dawa ya vichaa".

Mjomba aanze na miligramu 10 au 25, muda wa saa mbili kabla ya kulala, apandishwe polepole. Asitegemee kitu wiki ya kwanza zaidi ya usingizi na kinywa kikavu. Akiwa na tatizo la moyo, tezi dume au presha ya macho aseme kabla, huyo hafai au anahitaji uangalizi. Akiwa anatumia metifomini ya kisukari miaka mingi apime B12, maana dawa hiyo huishusha, na upungufu wake unaleta ganzi ileile unayoilaumu sukari. Zile sindano nyekundu za vitamini wanazochomwa watu kila mwezi hazimsaidii ambaye hana upungufu, na B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe inaharibu neva. Maumivu ya uso yanayopiga ghafla upande mmoja mtu akitafuna au kunawa ni jambo jingine kabisa, dawa yake ya kwanza ni karbamazepini.

Ikifika kwenye opioidi, baada ya hayo yote, mimi hufanya hivi. Tunaandikiana lengo moja ambalo mke au mtoto anaweza kulishuhudia: kufika sokoni kwa miguu, kulala bila kuamka mara tatu. Dozi ndogo, wiki chache, na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, maana kufunga choo hakuzoeleki kama kichefuchefu. Lengo lisipofikiwa inapunguzwa mpaka inaisha, hata kama mgonjwa anasema "inanituliza kidogo". Hapo ndipo ninapogombana na watu. Waragi marufuku, diazepamu marufuku, na aliye kwenye gabapentini aangaliwe zaidi, kwa sababu vyote hivyo vinasukuma pumzi chini pamoja na mofini. Naloksoni inaweza kuirudisha pumzi ikishuka, ila lazima iwepo karibu, na nyumbani kwa mtu kijijini haipo.

Sista_Mbarara

Hapo kwa "inanituliza kidogo" hatukubaliani mimi na wewe, tabibu. Mtu asiyelala miaka miwili akapata saa nne za usingizi, hata kama hafiki sokoni, mimi hiyo naihesabu.

Tabibu_Arua

Saa nne za usingizi nami nazihesabu, sista. Ninachokataa ni pale anapolala saa nne usiku na nyingine nane mchana, halafu mnasema amepona.

Mama_Swaumu_Bombo

Nimerudi wanangu. Nilikwenda na maganda yote kwenye mfuko wa kaveera, daktari akayapanga mezani akatikisa kichwa. Amitriptilini imesimamishwa kwanza, tramadoli inapunguzwa kila wiki, ikiisha ndipo amitriptilini irudi peke yake kwa dozi ndogo. Figo bado zinavumilia. Sukari ilikuwa 14, hiyo ndiyo aliyonigombeza nayo zaidi, akasema hakuna kidonge cha neva kitakachoshinda sukari hiyo. Usiku bado ni mgumu, siwezi kuwadanganya. Ila jana mboga nimetia chumvi mara moja tu.

Mfamasia_Ntinda

Alhamdulillah mama. Nyayo zikague kila jioni, mwambie mjukuu akutazamie katikati ya vidole. Na usizitie kwenye maji ya moto ukitafuta nafuu, zinaungua bila wewe kujua.

Afande_Mstaafu

Tabibu, kioo. Usinikimbie. Cha kabati la mke wangu kinatosha?

Tabibu_Arua

Kinatosha afande, mradi kiwe kirefu kuanzia goti mpaka vidole. Kaa umenyoosha miguu, kisimamishe katikati ya mapaja, upande unaoakisi uutazame mguu mzima, na kigutu kikae nyuma ya kioo usikione. Chezesha mguu mzima polepole, kunja na kunjua vidole, macho yako kiooni muda wote, na ule usiokuwepo nao uuamuru ufanye hivyohivyo. Wanajeshi wa Marekani waliojaribiwa mwaka 2007 walifanya dakika 15 kila siku kwa wiki nne. Dole gumba likijikunja, lifungue kiooni. Mofini usiiguse kwanza, iache ilivyo mpaka tuone. Kwa mama watoto kuhusu kabati, huko utajua mwenyewe.